Prosesa Baridi, Mashine Nzito: Kisa cha Ryzen 3 1200 Iliyopandishwa Kasi

Mashine yenyewe ni ya kawaida: prosesa ya AMD Ryzen 3 1200, mazabodi (ubao mkuu) ya B350 ya daraja la chini, RAM ya DDR4 ya gigabaiti 16, kadi ya picha ya wastani, na kasha lenye kioo kizima mbele. Mwenyewe ni kijana anayehariri video mchana na kucheza gemu usiku. Alikuwa ameshaipandisha prosesa kutoka GHz 3.1 hadi GHz 3.95. Alikuwa pia ameng'oa kipoza joto kilichokuja ndani ya boksi na kufunga kingine cha mnara, chenye mabomba ya shaba na feni ya milimita 120. Gemu zilikwenda vizuri, ukiacha mara mojamoja zilipojifunga bila sababu. Lakini akianza kurenda video ndefu, yaani kuitengeneza faili la mwisho, baada ya dakika kama kumi mashine inaanza kuvuta miguu, na kazi inaisha kwa kuchelewa kuliko siku alizokuwa hajagusa chochote.

"Kaka," aliniuliza, "prosesa haifiki hata nyuzi sabini. Sasa inajipunguza kasi kwa nini?"

Swali lake lilikuwa sahihi kuliko majibu aliyokwisha kupewa. Mmoja alimwambia abadilishe pesti inayopitisha joto kati ya prosesa na kipoza joto, mwingine anunue kipoza joto cha maji. Wote wawili walikuwa wanatibu sehemu isiyoumwa.

Kwa nini prosesa hii inapandishika

Ryzen 3 1200 ilitoka Julai 2017, ngazi ya chini katika familia ya kwanza ya Ryzen za mezani. Ina viini vinne, na kila kiini kinashika kazi moja kwa wakati. Kasi ya msingi ni GHz 3.1, na inaruhusiwa kufika GHz 3.4 pale kiini kimoja au viwili tu vinapokuwa na shughuli. Vikiamka vyote vinne, inarudi 3.1. Hapo ndipo penye utamu kwa anayependa kuovakloki, yaani kupandisha kasi kupita ya kiwandani. Kizidishi chake, namba inayozidishwa na saa ya msingi kupata kasi, hakijafungwa, na ukuta wa prosesa hizi za nanomita 14 uko karibu na GHz 4, kwa hiyo kati ya 3.1 ya kiwandani na huko juu kuna nafasi iliyoachwa wazi.

Nafasi kama hiyo siku hizi ni adimu. Prosesa mpya zinajipandisha zenyewe hadi karibu na ncha ya uwezo wao, na anayeweka kasi moja ya mkono kwa viini vyote mara nyingi anajikuta ameshusha ile kasi ambayo kiini kimoja kingefikia kikiwa peke yake. Ryzen 5 3600 ni mfano mzuri wa prosesa ambayo mimi naiacha ilivyo. Waliokuwepo mwaka 1998 watakumbuka Celeron 300A: unahamisha saa ya basi, njia inayoiunganisha prosesa na ubao, kutoka MHz 66 hadi 100, kizidishi kinabaki 4.5, na ile MHz 300 inakuwa 450. Joto lake lilikuwa dogo kiasi kwamba wengi hawakuhitaji hata kugusa volti. Mambo ya namna hiyo yamekwisha, na 1200 ni kati ya mabaki yake, tena kwa masharti.

Kuna jambo jingine kuhusu prosesa hii linaloeleza kwa nini haikuwa ikichemka. Kipande cha silikoni kilichomo ndani ni kilekile cha Ryzen 7 ya wakati ule, cha ukubwa wa takriban milimita za mraba 213, chenye viini vinane ambavyo vinne kati yake vimezimwa. Kifuniko cha chuma juu yake kimechomelewa kwa metali, hakikupakwa pesti. Joto la viini vinne linatapakaa kwenye silikoni kubwa na kupanda kwenye kifuniko bila kizuizi. Linganisha na Ryzen za 2019, ambazo viini vyake vilihamishiwa kwenye kipande cha nanomita 7 chenye milimita za mraba 74 hivi: pale hata kipoza joto kikubwa kinaweza kuonyesha nyuzi za kutisha, kwa sababu joto linatoka kwenye eneo dogo mno.

Kikomo cha 1200 ni nyuzi 95. Niliposikia haifiki 70, niliamini, na nikaacha kuitazama prosesa.

Mchoro wenye meno

Kitu cha kwanza nilichotaka ni rekodi. Namba zinazopita kwenye skrini hazisaidii. Tulifungua HWiNFO, programu inayosoma vihisi vya mashine, tukaiambia iandike kila kitu kwenye faili, kisha tukaanzisha kurenda na kuondoka. Faili lile ukilichora, kasi ya prosesa inakwenda mstari mmoja ulionyooka kwenye GHz 3.95, halafu ghafla inaporomoka hadi GHz 1.5 hivi, inakaa huko sekunde chache, inarudi juu, inaporomoka tena. Kadiri muda unavyokwenda meno yanasogeleana, mpaka inafika mahali inakaa chini muda mrefu kuliko juu. Mstari wa joto la prosesa chini yake umetulia kwenye nyuzi 66.

Umbo hilo lina mengi ya kusema. Pawa saplai ikizidiwa haipunguzi kasi ya kitu. Inazima mashine nzima, au mashine inajiwasha upya. Pesti mbovu ingeonekana kwenye joto la prosesa, na ingeonekana ndani ya dakika ya kwanza, si ya kumi. Mpangilio wa kuokoa umeme wa Windows hauchori meno ya aina hii. Kitu kinachochukua dakika kumi kukasirika, kikapoa kwa sekunde chache, kikakasirika tena kwa haraka zaidi, ni kitu kinachopata joto polepole na hakina njia ya kulitoa. Na kwa kuwa si prosesa, macho yanahamia kwa jirani yake.

Jirani huyo ni VRM, ile safu ya vipande vidogo vyeusi kushoto na juu ya soketi. Pawa saplai inaleta volti 12, prosesa inataka volti moja na nukta kadhaa. Kazi ya kushusha inafanywa na mosifeti, swichi ndogo za umeme ambazo zinawasha na kukata umeme mara laki kadhaa kwa sekunde, kisha koili na kapasita zinaulainisha kabla haujaingia kwenye soketi. Kila mara mosifeti inapowasha na kukata inapoteza kidogo, na kila ampea inayopita ndani yake inapoteza kidogo. Upotevu wote huo ni joto. Kwenye mazabodi za bei ya juu juu yake kuna bonge la alumini. Kwenye hii hakukuwa na kitu: mosifeti zilikuwa wazi, kama zilivyo kwenye B350 nyingi za chini, kwa sababu mtengenezaji alipiga hesabu ya prosesa ya wati 65 inayokaa katika mipaka yake.

Hata kihisi cha joto cha VRM mazabodi hii haikionyeshi. Nilitumia kipimajoto cha miale, nikikielekeza kwenye mgongo mweusi wa mosifeti wakati kurenda kukiendelea. Hapa tahadhari: kipimajoto cha aina hiyo kinadanganywa na chuma kinachong'aa. Ukikielekeza kwenye koili ya fedha au kwenye risasi ya kuunganishia utasoma namba ya chini yenye kukutuliza bure. Plastiki nyeusi isiyong'aa ndiyo inayosema ukweli. Ilisema nyuzi 110 na ushee, kisha kasi ikaanguka.

Mosifeti zenyewe kwa kawaida zimetengenezwa kuvumilia zaidi ya hapo. Ninaowaonea huruma ni kapasita zilizosimama sentimita moja pembeni, ambazo nyingi zimeandikwa kikomo cha nyuzi 105, na maisha yake yanafupika haraka kila joto linapopanda. Kwa hiyo mazabodi ilikuwa inafanya jambo la busara kuibana prosesa. Isingefanya hivyo, kijana angekuja na tatizo jingine kubwa zaidi baadaye.

Kipoza joto kizuri kilichozidisha tatizo

Swali lililobaki ni kwa nini hali ilizidi baada ya kununua kipoza joto bora. Mwenyewe alikuwa na uhakika kwamba hapo awali, akiwa na kile kidogo cha boksini, mashine haikuwa ikianguka hivi, ingawa prosesa ilikuwa moto zaidi na kelele zaidi.

Alikuwa sahihi, na hii ndiyo sehemu ya kisa ninayoipenda. Wraith Stealth, kipoza joto kinachokuja na 1200, ni kipande kifupi cha alumini chenye feni inayopuliza kuelekea chini. Upepo ukigonga mazabodi hauna pa kwenda, unatawanyika pande zote: kwenye RAM, kwenye kadi ya picha, na juu ya mosifeti. Hakuna anayekisifia kwa hilo, lakini ndicho kilichokuwa kinaipoza VRM. Kipoza joto cha mnara kinapuliza sambamba na ubao, sentimita kadhaa juu yake, kuelekea nyuma ya kasha. Prosesa inashukuru. Mosifeti zinabaki chini ya mnara, kwenye hewa iliyotulia.

Kisha, kwa kuwa namba za prosesa zilikuwa nzuri, aliongeza volti. Kwa maneno mengine, alizinyima mosifeti upepo na kuziongezea kazi kwa wakati mmoja.

Na kuna la tatu, ambalo ni dogo lakini lina ubaya wake. Feni ya nyuma ya kasha ilikuwa imewekwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mazabodi, ifuate joto la prosesa. Prosesa ikiwa nyuzi 66, BIOS inaona mambo ni shwari na kuizungusha feni taratibu. Kadiri kipoza joto kilivyokuwa kizuri, ndivyo kasha lote lilivyopumua kidogo. Nimeiona hali hii kwenye mashine nyingine zisizohusiana kabisa na kuovakloki, na karibu kila mara mwenye mashine anajivunia utulivu wake.

Uthibitisho haukuhitaji kununua kitu. Tulichukua feni ndogo ya milimita 80 kutoka kwenye kasha la zamani, tukaifunga kwa waya wa plastiki ining'inie juu ya mosifeti, tukaiunganisha moja kwa moja na volti 12. Kurenda kulikuwa kunaendelea, meno yanachorwa. Ndani ya dakika moja hivi mchoro ukanyooka na haukuanguka tena. Mosifeti zikashuka hadi themanini na kitu. Prosesa haikusogea hata nyuzi mbili. Kijana alikaa akiutazama mstari, akauliza kama anaweza kuifunga tu ile feni hapohapo na kuondoka.

Angeweza. Lakini nilikuwa sijafurahishwa na zile volti.

Hesabu ya volti

Joto la prosesa likiwa kazini linafuata kanuni rahisi: wati zinakwenda sambamba na kasi, na sambamba na volti ikizidishwa kwa yenyewe. Ukiongeza kasi kwa asilimia kumi bila kugusa volti, joto linaongezeka kwa asilimia kumi. Ukiongeza volti kwa asilimia kumi, joto linaongezeka kwa asilimia 21 hata kasi ikibaki palepale.

Prosesa hii kwenye GHz 3.1 ilikuwa inakula volti 1.2 ikiwa na mzigo. Kijana aliipeleka GHz 3.95 kwa volti 1.4. Kasi imepanda asilimia 27. Joto limepanda asilimia 73. Tukichukua kwamba mwanzo ilikuwa wati 50, sasa ni wati 87 hivi. Kwa prosesa yenye silikoni kubwa na kipoza joto cha mnara, wati 87 si kitu, na ndiyo maana ilikaa kwenye 66.

Ila VRM haihesabu wati, inahesabu ampea. Wati 50 kwa volti 1.2 ni ampea 42. Wati 87 kwa volti 1.4 ni ampea 62. Mkondo umeongezeka karibu nusu, na hasara ndani ya mosifeti inayotokana na ukinzani wake inafuata mkondo ukizidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo imezidi mara mbili. Zaidi ya hapo, ukinzani wa mosifeti unapanda kadiri inavyopata moto: ikichemka inapoteza zaidi, ikipoteza zaidi inachemka zaidi. Ndiyo sababu meno kwenye mchoro yalikuwa yanasogeleana.

Ampea 62 ni namba ya kuangaliwa kwa jicho la pili. Kwenye vizazi vilivyofuata vya soketi hii ya AM4, AMD iliziwekea prosesa za wati 65 kikomo cha mkondo wa kudumu cha ampea 60. Mazabodi za chini kabisa zinatengenezwa kwa kuzingatia wateja wa aina hiyo. Na ukiweka kizidishi kwa mkono, mipaka ya namna hiyo inawekwa kando: prosesa inafanya ulichoiamuru, na mwenye kulipa ni ubao.

Volti ile 1.4 aliipata wapi? Kwa mtu mwingine mwenye 1200. Hilo ni kosa la kawaida kuliko yote kwenye shughuli hii, kwa sababu vipande viwili vya silikoni vilivyotoka kiwanda kimoja siku moja havidai volti sawa. Tulipoijaribu na Prime95, programu ya kuipima prosesa kwa mzigo mzito, kwenye jaribio lake la mahesabu madogo, ambalo linakaa ndani ya kashe (kumbukumbu ndogo ya prosesa yenyewe) na kuipakia prosesa kupita kazi yoyote ya kawaida, kiini kimoja kilisimama baada ya muda mfupi kwa kosa la mahesabu. Windows nayo, ukichungulia kwenye kumbukumbu zake za matukio, ilikuwa imeandika makosa ya WHEA, yaani makosa ya vifaa vyenyewe, siku nyingi zilizopita. Yaani GHz 3.95 kwa volti 1.4 hata haikuwa imara. Zile gemu zilizokuwa zinajifunga, ambazo alikuwa akizilaumu gemu zenyewe, zikapata maelezo.

Kwa hiyo tukaanza upya kutoka chini, na hapa namba zote za volti ni zile zinazosomeka prosesa ikiwa na mzigo, kwenye mstari wa SVI2 TFN wa HWiNFO, si zile zilizoandikwa BIOS. Tofauti ipo: umeme unashuka kidogo mzigo unapoingia, na alichoandika kijana kwenye BIOS kilikuwa 1.425. Kuna mpangilio wa kuzuia kushuka huko, na wapo wanaouweka ngazi ya juu kabisa. Mimi siuweki. Mzigo unapoondoka ghafla volti inaruka juu kuliko ulichokusudia, kwa muda mfupi mno kuonekana kwenye programu. Ngazi ya kati inatosha.

Prosesa hii ilitupa GHz 3.5 kwa volti zilezile 1.2 za kiwandani. Hiyo ni bure kabisa: asilimia 13 ya kasi kwa asilimia 13 ya joto. GHz 3.6 ilitaka 1.24, na 3.7 ikatosheka na 1.275. Kutoka hapo tabia ikabadilika. 3.8 ikadai 1.34, na 3.9 ikadai 1.4 kamili. Kila hatua ya MHz 100 iliyokuwa inagharimu milivolti 35 au 40 sasa inagharimu 60 na zaidi. Hapo ndipo goti la prosesa hii, mahali kasi inapoanza kuwa ghali, na kila moja ina lake.

Linganisha 3.7 na ile 3.95 aliyokuja nayo. Kwenye 3.7, kasi imepanda asilimia 19 juu ya ya kiwandani na joto asilimia 35. Kutoka 3.7 hadi 3.95 unaongeza kasi chini ya asilimia 7, na kwa hiyo asilimia 7 unalipa asilimia 29 nyingine ya joto, tena bila uhakika wa kubaki imara. Ukirudi 3.7, ampea zinashuka kutoka 62 hadi 53, na hasara ya ukinzani ndani ya mosifeti inapungua kwa zaidi ya robo. Kijana hakuipenda namba 3.7. Inaonekana ndogo, hasa kwa mtu aliyekwisha kuwaambia wenzake 3.95. Nikamwonyesha rekodi: wastani halisi wa kurenda kwake, ukihesabu na meno, ulikuwa chini ya GHz 3. Akanyamaza.

Tulichofunga na tulichoacha

Kipoza joto cha mnara kilibaki. Ni kizuri, na kukirudisha kile cha boksini kungekuwa kukubali kelele bila sababu. Feni ya nyuma, ambayo iko sentimita chache kutoka kwenye mosifeti, tuliitoa kwenye utumwa wa joto la prosesa: haishuki chini ya asilimia 60 ya mwendo wake, na inapanda mapema zaidi. Ile ya milimita 80 tuliifunga vizuri kwenye pembe ya juu ya kasha, imeinamia VRM, ikizunguka polepole kiasi kwamba huisikii.

Aliniuliza kuhusu vile vibonge vidogo vya alumini vya kubandika kwa gundi ya joto. Vinafanya kazi, sikatai, lakini sivipendi kwenye kasha la kusimama. Gundi inayokaa kwenye nyuzi 80 na 90 kila siku inachoka, kibonge kinadondoka, na chini yake kuna mgongo wa kadi ya picha uliojaa viungo vilivyo wazi. Feni ikifa, mashine inapunguza kasi. Kibonge cha chuma kikidondoka mahali pabaya, kadi inaungua. Anayeng'ang'ania atumie cha kufungwa kwa skrubu, kama mazabodi yake ina matundu.

Kasha lenyewe lilihitaji jaribio la dakika chache tu: fungua ubavu mashine ikiwa na mzigo, subiri, soma upya. Kila kitu kilishuka kwa nyuzi kadhaa, kwa hiyo kioo cha mbele kilikuwa kinaikaba feni ya kuingiza hewa. Tulikisogeza mbele kidogo kwa vipande vya mpira kwenye skrubu zake. Haipendezi sana ukiitazama kwa ubavu. Pesti hatukuigusa.

Kisha RAM, ambayo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Vijiti vyake viliandikwa 3000, lakini BIOS ilikuwa inaviendesha kwa 2133, kwa sababu hakuna aliyewasha wasifu wake, ule mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya vijiti. Kwa Ryzen za kizazi hiki hilo lina uzito kuliko inavyodhaniwa. Viini vinne vya 1200 vimegawanywa makundi mawili ya viwiliviwili, na makundi hayo yanawasiliana kupitia Infinity Fabric, ambayo saa yake imefungwa na saa ya RAM: RAM ikiwa 2133, njia hiyo inakwenda MHz 1066, ikiwa 2933, inakwenda MHz 1466. Tulijaribu 3000 ikakataa kuwaka vizuri, 2933 ikashika. Kidhibiti cha RAM cha prosesa za mwaka 2017 ni kigumu, na kukigombania hakuna faida. Joto lililoongezeka halikuonekana kwenye kipimo chochote, na kwenye gemu tofauti aliiona bila kuambiwa. Yaani alikuwa anachemsha ubao kwa ajili ya asilimia 7 huku mwendo wa bure umelala BIOS.

Baada ya hapo tuliiacha irende video yake ndefu kuliko zote. Mstari wa GHz 3.7 umenyooka mwanzo hadi mwisho, prosesa iko chini ya nyuzi 60, mosifeti hazikufika 80, na Prime95 ikapita usiku mzima bila kiini kusimama. Kazi iliisha mapema kuliko alivyowahi kuiona ikiisha.

Anafikiria sasa kuhamia prosesa ya viini sita kwenye mazabodi hiyohiyo, na mtengenezaji ameshatoa BIOS inayoikubali. Nimemwambia anunue ya wati 65, aache ile Precision Boost Overdrive, mpangilio wa AMD wa prosesa kujipandisha kupita mipaka, ikiwa imezimwa, kwa sababu kwenye ubao huu inapandisha mipaka ileile ya ampea tuliyotoka kuikimbia, na feni ya pembeni aiache ilipo. Mazabodi mpya kwa ajili ya kuovakloki 1200 nimemkataza. Gharama yake inakaribia ya prosesa anayoitaka, na kutoka 3.7 hadi 3.9 hakuna video itakayojua tofauti.